Wapiga kura sita wa Dixville Notch

Ilipotimia saa sita usiku kuamkia Novemba 5, 2024, wakazi sita wa Dixville Notch, kaskazini mwa jimbo la New Hampshire karibu na mpaka wa Kanada, walikuwa tayari kupiga kura. Walitumbukiza karatasi zao sandukuni, zikahesabiwa papo hapo mbele ya kamera za televisheni, na matokeo yakatangazwa wakati Wamarekani wengi wamelala: Kamala Harris kura 3, Donald Trump kura 3. Kila aliyekuwamo kwenye daftari alikuwa amepiga kura.

Sheria ya New Hampshire ndiyo inayowezesha jambo hilo. Wote walioandikishwa wakishapiga kura, kituo kinaweza kufungwa na hesabu kuanza. Kitongoji kingine cha jimbo hilo, Hart's Location, kilianza mapema zaidi, mwaka 1948, kwa sababu wafanyakazi wa reli walitakiwa kazini kabla vituo vya kawaida havijafunguliwa. Uchaguzi Marekani hufanyika Jumanne, siku ya kazi, na ratiba hiyo bado inawabana vibarua wengi. Mwaka 2020 walijitokeza takriban theluthi mbili ya wenye haki ya kupiga kura nchini, kiwango kikubwa kuliko chochote kwa zaidi ya miaka mia. Hata hivyo, mmoja kati ya kila watatu hakupiga kura.

Dixville ilianza mwaka 1960. Aliyeipigania ni Neil Tillotson, mwenye viwanda vya mpira vilivyotengeneza maputo na glavu, ambaye pia alimiliki hoteli kubwa ya Balsams hapo milimani. Kabla ya hapo wakazi walilazimika kusafiri kwenda kupigia kura kwingine. Kituo kilipopatikana hotelini, Tillotson akawa mtu wa kwanza kutumbukiza kura katika kila uchaguzi, hadi alipofariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 102.

Waandishi wa habari hupanda huko kila baada ya miaka minne kana kwamba wanamfuata mpiga ramli. Lakini kura chache namna hiyo haziwezi kutabiri nchi. Mwaka 1960 Richard Nixon alizoa zote 9, na John F. Kennedy ndiye aliyeingia Ikulu. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata 4, Trump 2, na Trump akashinda urais. Januari 2024, katika mchujo wa chama cha Republican, Nikki Haley alichukua zote 6, kisha Trump akalibeba jimbo zima.

Kinachovutia zaidi ni jinsi msimamo wa watu hawa unavyobadilika. Kwa miaka mingi Dixville ilikuwa ngome ya Republican. Baada ya Hubert Humphrey mwaka 1968, hakuna mgombea wa Democratic aliyeshinda hapo hadi Barack Obama mwaka 2008, kwa kura 15 dhidi ya 6 za John McCain. Mwaka 2012 Obama na Mitt Romney waligawana sawa, 5 kwa 5. Na kati ya wale sita wa 2024, wanne walikuwa wameandikishwa kama Republican na wawili hawakutaja chama chochote. Harris asingefikisha kura tatu bila angalau Republican mmoja kumchagua. Anayemhesabu mtu kwa kadi yake ya chama atakosea, na hapo Dixville kosa hilo linaonekana waziwazi.

Siri ya kura, kwa upande mwingine, huwa ngumu kuitunza. Mwaka 2020 Joe Biden alipata zote 5, kwa hiyo kila mtu alijua jirani yake kachagua nani. Les Otten, mwekezaji anayetaka kuifufua Balsams, alikuwa ameshasema mwenyewe mbele ya kamera kwamba yeye ni Republican wa miaka yote na anampigia Biden.

Hoteli hiyo ilifungwa mwaka 2011, na ajira zikaondoka pamoja nayo. Kura 21 za mwaka 2008 zilishuka hadi 10 mwaka 2012, kisha 8, kisha 5. Kabla ya uchaguzi wa 2020 wakazi walipungua kiasi cha kushindwa kujaza nafasi za usimamizi zinazotakiwa kisheria, na desturi ya usiku wa manane ikakaribia kufa. Iliokolewa na mkazi mmoja mpya: Otten alihamia Dixville.