Lugha Mbili Ndani ya Chombo «Red Dwarf»

Tarehe 15 Februari 1988 televisheni ya BBC, huko Uingereza, ilianza kuonyesha Red Dwarf, mfululizo wa vichekesho uliotungwa na Rob Grant na Doug Naylor. Jina hilo ni la chombo cha angani, kikubwa kama mji, kilichojengwa kwa kazi ya madini. Limetoka kwa wanafalaki: kibete chekundu ni nyota ndogo isiyo na joto kali. Chombo chake kidogo, Blue Midget, kilifuata mpango uleule wa rangi na udogo. Starbug, «mdudu wa nyota» wa mwaka 1989, kiliuvunja.

Lakini kinachomhusu zaidi mwanaisimu kimo ukutani. Katika misimu miwili ya kwanza, vibao vya chombo viliandikwa kwa Kiingereza na Kiesperanto, lugha ambayo Zamenhof aliitangaza mwaka 1887. Kwa kuvitazama, mtu angedhani lugha hiyo imekwisha kutawala. Vinywa vyasema vingine. Rimmer, mwenye uchu wa cheo, amejifunza Kiesperanto kwa miaka minane, naye angali anababaika mbele ya kanda ya masomo. Lister, mvivu asiyejali cheo chochote, ndiye anayeitafsiri sawasawa. Mzaha huo ni mkali kuliko unavyoonekana.

Kuna pia «smeg», tusi la kubuni, ambalo mabaharia hao hulitamka kila mara. Halikuhitaji kibao wala kanda. Hata hivyo ndilo lililotoka chomboni na kuingia vinywani mwa watazamaji.