Je, Wajua? Jua la Lisbon Liliwahi Kuzama Saa 4 Usiku

Mwaka 1992 Ureno ilihamia saa za Ufaransa na Ujerumani. Jua la Juni mjini Lisbon likawa linazama baada ya saa 4 usiku! Watoto waliitwa kulala kungali kweupe.

• Jioni hiyo ndefu ililipiwa asubuhi. Januari, jua lilichomoza karibu saa 3. Mwanafunzi alibeba mkoba wake akaenda shule gizani. Mwaka 1996 Ureno ilirudi kwenye saa zake za zamani.

• Uingereza ilikwisha kuyaonja hayo kuanzia 1968 hadi 1971. Kaskazini mwa Scotland, jua la Desemba lilichelewa hadi saa 4 asubuhi. Watoto walivaa vitambaa vinavyong'aa mikononi ili madereva wawaone. Bungeni, wabunge 366 waliukataa mpango huo wa kusogeza saa. 81 tu waliutaka.

• Hispania ilisogeza saa zake mwaka 1940, na haijazirudisha hadi leo. Kule Galicia, kaskazini-magharibi mwa nchi, jua la Juni bado huzama baada ya saa 4 usiku.

Saa husogezwa, jua halisogei. Mwanga unaoongezwa jioni hukatwa asubuhi, na wa kwanza kuukosa ni mtoto aendaye shule.