Nyambizi Huungua Nchi Kavu

Matambara yalikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kitanda cha baharia. Jioni ya Mei 23, 2012, mpaka rangi mmoja wa miaka 24, mwajiriwa wa kiwanda cha meli za kivita kilichoko Kittery, jimbo la Maine, Marekani, alitoa kiberiti cha gesi, akayawasha, akajiondokea. Alitaka kwenda nyumbani mapema. Zilipita saa 12 hivi kabla ya moto ule kuzimwa. Watu saba waliumia, na nyambizi ya nyuklia USS Miami haikurudi kazini tena.

Mwanzoni kilisingiziwa kifyonza vumbi. Ukweli ulipojulikana, kijana yule alifungwa zaidi ya miaka 17. Gharama ya matengenezo ilikadiriwa kuwa dola milioni 450, ikapanda hadi milioni 700, na Agosti 2013 wakubwa wakanyoosha mikono. Chombo cha mita 110, kilichozunguka bahari kwa zaidi ya miaka 20, kikauawa na matambara.

Najua neno "nyuklia" limekwisha kumshtua msomaji, basi tulimalize hilo kwanza. Urani haiwaki kama mkaa. Kinu cha Miami kilikuwa kimezimwa, nacho kiko nyuma, wakati moto ulikuwa mbele, kwenye malazi, chumba cha uongozi na chumba cha topido. Silaha zilikuwa zimekwisha kuteremshwa. Hata hivyo, kinu kikizimwa hakipoi papo hapo. Mabaki ya atomi zilizopasuliwa huendelea kutoa joto: dakika ile ya kwanza ni kama asilimia 6 au 7 ya nguvu zake zote, na siku moja baadaye halifiki asilimia 1. Joto hilo lazima liondolewe, na nyambizi ikiwa imeegeshwa, umeme wa kazi hiyo hutoka nchi kavu kwa nyaya. Kwa hiyo anayelinda kinu wakati wa moto hahofii urani kushika moto. Anahofia nyaya.

Kinachoungua ni vitu vya kawaida kabisa: rangi, magodoro, mipira ya nyaya, na vihami joto vilivyotandazwa kwenye kuta za ndani. Vitu hivyohivyo viko ndani ya nyambizi ikiwa baharini, tena mita mia kadhaa chini ya maji, na mabaharia hulala usingizi. Kwa nini basi hatari iwe kubwa zaidi pale ilipokalishwa juu ya magogo?

Baharini kuna mabaharia wapatao 130, na kila mmoja wao ni mzimamoto, mpishi akiwemo. Harufu ya moshi haipiti pua ya kwanza. Pampu ziko tayari, na maji ya bahari hayana bei. Nyambizi ikifika kwenye gudi, lile bwawa la zege linalokaushwa ili chombo kikae wazi, mambo hugeuka. Mabaharia wengi hushuka, mafundi wasioijua njia ya gizani huingia kwa zamu. Mabomba hufunguliwa na kumwagwa maji, mitambo ya kuzimia moto huzimwa ili nayo ihudumiwe. Bahari yenyewe imefungiwa nje ya lango.

Halafu kuna milango. Nyambizi imegawanywa kwa kuta na milango ya chuma ili balaa la chumba kimoja libaki humo humo. Wakati wa matengenezo, kwenye kila mlango na kila tundu la kuingilia hupita fungu la nyaya za umeme, mipira ya hewa na gesi, na mabomba manene ya kuingizia upepo kwa ajili ya wafanyakazi. Mlango hauwezi kufungwa mpaka hayo yote yachomolewe au yakatwe. Moto ukizuka, njia ziko wazi, na upepo unaupuliza kama mvukuto wa mhunzi.

Mzimamoto anayefika huteremka kwa ngazi kupitia tundu lilelile ambalo moshi unapandia. Ni sawa na kuingia jikoni kupitia bomba la moshi. Gamba la chuma lililojengwa kuhimili uzito wa bahari hulihifadhi joto kama tanuri la mkaa lililofukiwa udongo. Na maji, silaha yake kuu, humgeukia: lita moja ikiwa mvuke hujaza nafasi ya lita 1,700 hivi, na mvuke huo ukikosa pa kutokea humbabua ndani ya nguo zake za kazi.

Si lazima awepo mwenye nia mbaya. Mwaka 1976, kando ya mto Tyne, Uingereza, wafanyakazi wanane walikufa ndani ya HMS Glasgow, meli ya kivita iliyokuwa bado inajengwa. Mpira wa oksijeni uliachwa usiku kucha ukivuja. Oksijeni haina harufu wala haiwaki. Kazi yake ni kukifanya kila kingine kiwake kwa pupa. Asubuhi fundi alianza kuchomelea.

Huko Roslyakovo, karibu na Murmansk, Desemba 29, 2011, jukwaa la mbao lililozunguka nyambizi ya Urusi Yekaterinburg lilishika moto, nao ukapanda kwenye ngozi ya mpira inayokipunguzia chombo kelele. Gudi lenyewe lilikuwa la kuelea, wakalizamisha kiasi ili nyambizi ikae majini. Jarida la Vlast liliandika baadaye kwamba makombora yalikuwa bado ndani. Wafaransa walipounguliwa na nyambizi yao Perle mjini Toulon, Juni 2020, waliikata vipande viwili, wakatupa sehemu ya mbele na kuunga ya Saphir, dada yake aliyekuwa amestaafu. Nakiri hapo niliwavulia kofia.

Baada ya Miami, Wamarekani waliandika kanuni nene za moto viwandani. Miaka minane baadaye, meli yao Bonhomme Richard iliungua San Diego kwa zaidi ya siku nne. Uchunguzi ulikuta asilimia 87 ya vituo vyake vya kuzimia moto havikuwa tayari. Kanuni zilikuwepo kabatini.

Kinga inayofanya kazi haina mvuto wowote. Fundi anapochomelea, mtu wa pili husimama kando yake na mtungi wa kuzimia moto, akifuata cheche kwa macho, na hubaki hapo nusu saa zaidi baada ya mwali kuzimwa. Kwa kuwa chuma hupitisha joto, mtu wa tatu huwekwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta. Huyo haoni cheche wala fundi. Zamu nzima anautazama ukuta, akingoja rangi ianze kututumka.