Ukikarabati nyumba msimu wa baridi, jiko la mkaa libaki nje

Sumbawanga. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali hapa uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo pia miezi ya ukarabati: mvua imekata, mahindi yamevunwa, hela ya fundi inapatikana.

Nyumbani kwetu tulitoa madirisha mawili ya mbao ili tuweke ya vioo. Fundi akachelewa. Tukaziba kwa nailoni, wote tukahamia chumba kimoja. Usiku wa pili mama akaingiza jiko la mkaa, watoto wapate joto. Saa tano mdogo wangu akalalamika kichwa na kichefuchefu. Tukadhani malaria. Alipotolewa nje akapata nafuu, ndipo nikashtuka.

Mkaa ukiwaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyelala anaweza asiamke. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi.

Oteni moto nje, kisha jiko libaki hukohuko. Kitandani ongezeni blanketi na soksi. Mkiumwa kichwa au kizunguzungu watu kadhaa kwa pamoja, tokeni nje haraka, nendeni kituo cha afya na mtaje jiko.

Mama naye ameweka sheria: dirisha la pili halitolewi mpaka la kwanza liwe na kioo.