Baisikeli Gani Yafaa Kununuliwa?

Mtu anunuapo jembe huligonga asikie mlio wake, na anunuapo ng'ombe humfunua kinywa atazame meno. Lakini anunuapo baisikeli, ambayo thamani yake yapita majembe mengi, mara nyingi hutazama rangi na kengele tu, kisha hutoa fedha. Kwa hiyo yafaa tuwaeleze habari hii wasomaji wetu wa Mbinga na wa ufuko wa Ziwa Nyasa, maana nchi yao ina mambo mawili yasiyopatana: miteremko ya Umatengo na mchanga wa ziwani.

Baisikeli zionekanazo huku ni za namna mbili hasa. Moja ni ile ya kazi, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma. Zamani ilitoka Uingereza, kama Raleigh za mji wa Nottingham. Siku hizi nyingi ni Phoenix za China na Hero za Uhindi. Ni nzito, lakini huvumilia mzigo, na kila fundi wa kijijini aijua. Namna ya pili ni ya gia, yenye magurudumu ya inchi 26, matairi mapana na breki za waya. Ziko pia zenye springi katika fremu. Hizo, zikiwa za bei rahisi, huongeza uzito na kelele tu, na springi zikilegea hakuna wa kuzitengeneza.

Ukaapo Liuli au Lituhi na kazi yako ni kupita mchangani, tairi jembamba litazama na utaisukuma baisikeli kuliko kuipanda. Tairi pana lililopunguzwa upepo kidogo hupita juu ya mchanga. Lakini ukifika penye mawe ujaze upepo tena, la sivyo mpira wa ndani utabanwa na rimu na kutoboka mara mbili kwa pigo moja. Nao wachukuao usipa wafunge vikapu vyao vizuri, maana maji ya samaki yakidondokea mnyororo kila siku huuletea kutu upesi.

Sasa tuje kwenye breki, maana hapa ndipo watu huumia na wengine hufa. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kama kilometa 66, na katika safari hiyo mtu hushuka zaidi ya mita 800. Barabara yenyewe ilitiwa lami miaka ya karibuni. Kwa hiyo mashimo yaliyokuwa yakimzuia mtu asikimbie hayapo tena. Wasomaji wakumbuke kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayotakiwa kwa kusimama huzidi mara nne. Mwenye gunia la mahindi nyuma yake azidishe tena hofu yake.

Breki za vyuma huvuta vipande vya mpira vikabana rimu kwa upande wa ndani. Rimu ya chuma ikilowa mvua, mpira huteleza kana kwamba umepakwa mafuta. Rimu ya aluminiamu hushikwa vizuri zaidi. Wengine hudhani watafunga breki za waya katika baisikeli ya kazi. Haiwezekani ikiwa ubavu wa rimu ni wa mviringo, maana hizo hutaka ubavu bapa. Basi tazama rimu kabla ya kununua. Kisha shika breki ya mbele peke yake na kuisukuma baisikeli: gurudumu la nyuma liinuke. Shika ya nyuma: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Hata ikifaulu, penye mteremko mkali wenye mzigo mkubwa ushuke utembee. Wachukuzi wazoefu hufanya hivyo.

Kwa kupanda mlima, asiye na gia aweza kumwambia fundi abadilishe gurudumu dogo la meno la nyuma. Mbele pakiwa na meno 44 na nyuma 18, badala ya 18 tia 22. Utakwenda polepole zaidi, lakini magoti yatashukuru.

Jihadhari pia na inchi 26. Tairi liandikwalo 26 kwa 1⅜ haliingii katika rimu ya 26 kwa 1.75, ijapokuwa namba ya kwanza ni moja. Wengi wamerudi kijijini na tairi wasiloweza kulivaa.

Ukinunua iliyokwisha tumika, zungusha magurudumu uone kama yanayumba, na chunguza viungo vya fremu kama vimeungwa upya chini ya rangi mpya. Simama ukiwa umepanua miguu juu ya bomba la juu. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Mwisho ipindue, usome namba iliyopigwa chini ya fremu karibu na pedeli, nayo iandikwe katika stakabadhi pamoja na jina la muuzaji. Ikiwa namba imefutwa kwa tupa, iache hapo hapo.