Utando wa Damu Unaoishinda Malaria

Kimelea cha malaria kikitoka kwenye ini na kuingia kwenye damu, hutafuta maficho upesi kabla kinga ya mwili haijakinasa. Maficho yenyewe ni seli nyekundu ya damu. Kuipenya hakuchukui hata dakika moja, na kinachopenywa ni utando mwembamba kiasi kwamba tando elfu kadhaa zikirundikwa hazifikii unene wa karatasi ya daftari.

Utando huo ni wa mafuta, tabaka mbili zilizogusana. Vichwa vya molekuli zake vinapenda maji, hivyo vinatazama nje na ndani ya seli. Mikia inayoyakimbia imejificha katikati. Mwaka 1972 Singer na Nicolson, wanasayansi wa Marekani, walieleza kuwa protini zinaelea humo, wala hazikugandamana kama saruji. Oksijeni hupita moja kwa moja kwenye mafuta. Sukari na chumvi hazipiti mpaka zivushwe na protini.

Seli nyekundu inautumikisha utando wake kweli kweli. Huishi siku kama 120, na muda wote huo hujikunja na kujikunjua ikipita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Kwa hiyo ulegevu ni lazima. Bahati mbaya, ulegevu huohuo unamfaa mvamizi.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wako watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu. Mtoto aliyerithi Dantu kwa baba na kwa mama hupata kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali, inayokaribiana na ile ya aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu. Sababu haikujulikana hadi mwaka 2020, watafiti wa Kilifi na wenzao wa Cambridge walipochunguza damu ya watoto 42 wenye afya.

Dantu hubadili protini za juu ya seli, na ungedhani kimelea kimekosa tu pa kushika. Sivyo. Video za hadubini zilionyesha vimelea vikiigusa seli, kisha vikishindwa kuingia, kwa sababu utando umekaza kama ngozi ya ngoma iliyoota moto. La ajabu zaidi, hata seli isiyo na Dantu, mkazo wake ukipita kiwango fulani, ni nadra kuvamiwa.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la dawa ya kuukaza utando kidogo. Kidogo tu, maana seli ngumu mno hukwama mishipani au huondolewa na wengu. Dawa hiyo bado haipo, na watoto wengi wa Pwani hawakuzaliwa na Dantu. Mzazi, mtoto akipata homa mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, na usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.