Majina matatu kwenye chupa, dawa ni ileile

Kama wewe au mzazi wako anatumia tiba lishe ya moyo kutoka ng'ambo, chukua chupa usome maandishi madogo. Huenda ukakuta neno Hawthorn. Huo ni mti mdogo wa Ulaya wenye miiba, wa familia moja na waridi na tofaa. Majani na maua yake hutengenezewa dawa za moyo.

Tatizo ni jina lake la kisayansi. Chupa moja imeandikwa Crataegus oxyacantha, nyingine Crataegus laevigata, ya tatu Crataegus monogyna. Mnunuzi anadhani ni dawa tatu tofauti.

Jina la oxyacantha lilitolewa mwaka 1753 na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden. Baadaye ilibainika kuwa miti iliyoitwa hivyo ni ya aina mbili. Wenye mbegu moja ndani ya tunda ni monogyna, na wenye mbegu mbili au tatu ni laevigata. Tena miti hiyo huchavushana na kuzaa machotara. Kwa kuwa jina la zamani lilitumika kwa yote miwili, wanasayansi walilifuta rasmi, lakini hadi leo lipo kwenye lebo nyingi.

Je, chupa yenye jina hilo ni feki? Si lazima. Viwango vya dawa vya Ulaya vinakubali aina zote mbili. Hatari ni kununua chupa mbili zenye majina tofauti na kuzitumia pamoja, kwani unajizidishia dozi. Kama tayari unameza vidonge vya presha, shinikizo la damu linaweza kushuka kupita kiasi, ukapata kizunguzungu na hata kuanguka. Anayetumia digoxin asiiguse kabla ya kumuona daktari.

Ufanye nini? Ukiona neno la kwanza ni Crataegus kwenye chupa zote, zihesabu kuwa dawa moja. Angalia pia kama imetokana na majani, maua au matunda, maana nguvu yake hutofautiana. Ukienda kliniki, beba chupa yenyewe umwoneshe daktari au mfamasia. Usitegemee jina ulilokariri. Na usiache vidonge ulivyoandikiwa hospitali kwa sababu umepata dawa ya mitishamba.